Mikono Themanini ya Kushoto

3 Machi

Mjukuu wangu Sindano,

Nina miaka sabini na saba na mkono wangu bado hautetemeki. Nimevizika vyerehani vinne, pasi tatu za mkaa, wenye nyumba wawili, na daktari aliyeniambia niache kuinama mezani, maana yeye ndiye aliyetangulia. Nimemzika na bibi yako, huyo simtaji kwa kujisifu. Kiwanda kilichonifukuza kazi kimefungwa, leo ni ghala la saruji, nami napita mbele yake kila Ijumaa nimevaa koti nililokata mwenyewe. Nakwambia haya mapema ili ujue anayekuandikia si mtu wa kutishwa.

Hatujambo. Mama yako bado anafua mashuka ya hospitali, sabuni inamla mikono lakini mdomo wake mzima kabisa. Mjomba wako amepata pacha wa kike. Wanafanana mpaka imebidi mmoja afungwe uzi mwekundu mkononi. Uzi ni wangu na wazo ni langu. Kinyozi wa mlango wa pili anakusalimu.

Sasa jambo lenyewe. Imekuja karatasi ya maendeleo yako kutoka shuleni. Mama yako aliisoma kimya, akaikunja, akaiweka chini ya redio. Mimi sikupita darasa la tatu, lakini karatasi iliyofichwa naisoma vizuri kuliko iliyofunguliwa. Nikaitoa. Kiswahili sabini na moja. Jiografia sitini na nne. Hesabu: kistari. Nimekitazama kwa miwani na bila miwani, kistari. Sifuri ningeielewa, sifuri ni mtu kakosa. Kistari ni mtu hayupo. Uko wapi saa za hesabu?

Usinifiche. Mimi mwenyewe nilifukuzwa kiwandani kwa kusema kweli. Habari ya ile mikono themanini unaijua, nimekusimulia tangu hujaota meno. Msimamizi alisema nimekata mikono yote ya kushoto, makoti arobaini hayana hata mkono mmoja wa kulia. Nikamwambia kitambaa hiki pande zake zote mbili ni sawa, geuza nusu yake ndani nje utapata ya kulia, hayo macho umepewa ya nini? Sikuomba radhi, mpaka leo sijaomba. Hiyo ndiyo damu uliyo nayo.

Niandikie kwa mkono wako, usipitishe kwa mama yako.

Babu yako, Fundi


21 Machi

Babu yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Usishangae. Hapa barua zote hupitia kwa mama Makamu Mkuu wa shule kabla ya kutufikia, kwa hiyo chagua maneno, najua kwako ni kazi.

Mimi mzima. Kikohozi kimekwisha. Nimehamishiwa kitanda cha karibu na dirisha, na sketi uliyonishonea bado ndiyo pekee bwenini ambayo pindo halijafumuka. Wasalimie pacha. Mwambie mjomba uzi usikaze sana.

Kuhusu hesabu. Kwenye jaribio la katikati ya muhula kulikuwa na swali la grafu. Grafu ni mchoro wa hesabu, Babu. Chukua mistari miwili iliyokatana kama unavyopiga chaki kwenye kitambaa, mmoja umelala, mmoja umesimama, na pale inapokutana ndiyo sifuri. Upande wa kushoto wa mstari uliosimama palichorwa bakuli, kitako chake kiko hatua tatu kutoka sifuri. Upande wa kulia bakuli lingine, saizi ile ile, nalo hatua tatu. Swali likauliza: la kwanza limefanywa nini mpaka likawa la pili? Mada yenyewe inaitwa mageuzo ya grafu. Unatazama michoro miwili halafu unasema, huu umesogezwa, huu umegeuzwa kama kwenye kioo, huu umevutwa ukawa mrefu.

Nikafanya kama ulivyonifundisha mezani kwako. Nikakunja karatasi kwenye mstari uliosimama, nikatoboa kwa pini juu ya bakuli la kwanza, matundu kumi na moja, nikakunjua. Yote yakaangukia juu ya bakuli la pili, hata moja halikupotea. Nikaandika: limegeuzwa kwenye mstari wa kusimama, kama mkono wa shati.

Nikapewa sifuri. Jibu la mwalimu ni: limesogezwa hatua sita kulia. Aliiinua karatasi yangu mbele ya darasa, mwanga wa dirisha ukapita kwenye matundu, akasema, "Tazameni, sisi tunafanya hesabu, mwenzenu anashona." Wakacheka. Nikasimama nikasema, "Mwalimu, jibu lako ndilo lenye kosa." Hapo hakucheka mtu.

Hicho kistari labda aliyechapa alikosea. Siku hizi saa za hesabu nakaa maktaba, kuna utulivu mzuri. Mengine yote salama.

Mjukuu wako, Sindano


5 Aprili

Sindano,

Marahaba. Sisi wazima. Pacha wameanza kucheka, anaanza mmoja halafu wa pili anafuata, na mama yao anasema uzi umeloa mate umekuwa wa pinki, nimepeleka mwingine. Mama yako amenunua viatu vya kazini visivyoteleza. Haya.

Aliyechapa alikosea! Unamwambia nani? Nilimkatia mama yako nepi ya kwanza, nikakukatia na wewe, leo unanifunika kwa kitambaa kifupi hivyo miguu yote inaonekana. Mtoto anayekaa maktaba saa za hesabu kwa kupenda utulivu sijamsikia. Nilipomaliza kusoma barua yako nikainua redio. Kumbe kulikuwa na karatasi ya pili. Nimeisoma kwa siku mbili, neno kwa neno, kidole juu yake. Umetolewa darasa la hesabu. Hurudi mpaka uandike barua ya kuomba radhi, na ndani yake useme mambo mawili: kwamba ulimvunjia mwalimu heshima na kwamba jibu lako lilikuwa kosa. Usipoandika kabla ya tarehe kumi na tano Juni, jina lako haliendi kwenye orodha ya mtihani wa mwisho. Miaka minne ya shule iingie kwenye kapu la vipande. Na wewe unaniandikia habari za kikohozi!

Sasa nisikilize. Nimechora hayo mabakuli kwenye karatasi ya kiolezo, makubwa, nikakunja, nikatoboa, nikakunjua. Yamelaliana kama mikono ya shati la bwana harusi. Nikamwita kinyozi, akaja na mteja wake ana povu nusu ya uso. Wote wawili wakasema ni kweli. Pamoja nami mashahidi watatu, mmoja hajamaliza kunyolewa.

Usiandike hiyo barua. Hata herufi moja. Waache wakufungie maktaba mpaka uote ndevu. Mtu akiwa na kweli mkononi halafu akasema samahani, ile kweli inamtoka na hairudi. Mimi nilisimama mbele ya msimamizi na makoti arobaini na sikusema samahani, na tazama leo nani yuko hai na nani ni ghala la saruji.

Na wewe mama unayefungua barua za watu, kwa kuwa umefika hapa, soma vizuri. Mwalimu wenu wa hesabu ni kipofu wa macho yote mawili. Mfikishie.

Mama yako hakubaliani na mimi, tunasemeshana kwa kupitia kinyozi. Ana maneno yake kuhusu sanduku langu la chini ya kitanda. Usimsikilize.

Babu yako asiyeinama


13 Mei

Babu,

Shikamoo. Natumaini pacha na mama hawajambo. Huku mvua imeharibu uwanja, tunakaa ndani sana. Mimi sijambo kwa mwili.

Barua yako ya tarehe tano Aprili nimeipata jana. Iliwekwa wiki tano. Makamu hakunipa mkononi, aliniita ofisini akanisomea yeye mwenyewe kwa sauti, nimesimama, na katibu wake anapiga chapa pembeni. Alipofika kwenye kipofu wa macho yote mawili akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akairudia ile sentensi. Katibu aliacha kupiga chapa. Kisha Makamu akasema, "Sasa nimejua umetoka wapi." Akasema tarehe kumi na tano Juni haisogei, na sasa kwenye barua yangu niongeze radhi kwa niaba yako.

Babu, ulitaka nisikufiche. Basi sikufichi. Maktaba haina utulivu wowote. Imepakana na darasa letu na ukuta ni wa mbao, namsikia mwalimu akifundisha nisiyofundishwa. Wameshamaliza mada mbili bila mimi. Nanukuu ninachosikia, lakini anachochora ubaoni sikioni.

Kuna kingine kibaya zaidi. Wiki iliyopita nilichukua karatasi laini ya kufungia daftari, nikafuatisha bakuli la kwanza kwa penseli, nikaisogeza kulia polepole bila kuigeuza. Hatua moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Likakaa juu ya bakuli la pili, Babu. Lote. Hakuna palipozidi wala palipopungua. Jibu la mwalimu ni sawa. Mimi nilisimama mbele ya watu arobaini nikamwambia ana kosa, na hana.

Basi mimi ndiye mwenye kosa? Lakini matundu yangu nayo yaliangukia pale pale, nimeyahesabu tena. Sijui nishike lipi. Nimeshaandika mstari wa kwanza wa ile barua. Unasema: "Mimi niliyetajwa hapo juu nakiri kwamba jibu langu halikuwa sahihi." Nimeuacha hapo, kalamu iko juu ya karatasi, naandika hii kwanza.

Mama ameniandikia pia. Amesema, "Kabla hujamfuata babu yako, muulize kuna nini kwenye sanduku. Mwambie akujibu yeye." Basi nakuuliza. Kuna nini?

Sindano


24 Mei

Mjukuu wangu,

Marahaba. Kwetu wazima wote, salamu nyingine zote zipo, nitakupa siku nyingine, leo zinanichelewesha.

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikafungua duka, nikafunga duka mchana, nikarudi kukaa. Mama yako alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Hakusema kitu. Yule mwanamke akinyamaza ni heri akupige.

Kwenye sanduku kuna mkono wa koti. Mmoja kati ya wale themanini. Niliuchukua siku niliyofukuzwa, nikauficha ndani ya shati, na kwa miaka arobaini na miwili sijamwonyesha mtu. Mama yako aliuona akiwa msichana anatafuta vifungo. Uko ndani ya kifurushi hiki. Utoe uutazame.

Umeona? Upande mmoja unang'aa, upande mwingine umefifia kama majivu. Kitambaa kile kilikuwa na uso na mgongo. Ukigeuza mkono wa kushoto ndani nje unapata wa kulia, ni kweli, lakini unapata wa kulia uliofifia, koti mkono mmoja linang'aa na mwingine limekufa. Nilitandika tabaka arobaini za kitambaa, zote uso juu, nikachora kiolezo mara mbili, na mara ya pili nilisahau kukigeuza. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Nilijua kabla mkasi haujafika mwisho. Msimamizi alipokuja nikaona watu wanatazama, nikasema kitambaa ni sawa pande zote, na nilipolisema mbele ya watu likanishika kooni, sikuweza kulimeza wala kulitema. Nimelisema tangu hapo. Nimekusimulia wewe ukiwa mapajani mwangu. Hayo uliyokuwa ukiyapigia makofi yalikuwa uongo, na mwenye uongo ni mimi.

Usidhani nimekuwa mnyonge. Nakwambia kwa sababu unataka kutia sahihi uongo wako, na mimi najua uzito wake.

Sasa tia mkono tena kwenye kifurushi. Kuna mfuko wa shati, wa kitambaa cheupe kisicho na uso, nimeukata jana. Kushoto na kulia kwake ni sawasawa. Uweke juu ya meza. Usogeze hatua sita. Sasa urudishe, halafu upindue kama unavyofungua ukurasa wa kitabu, uangukie pale pale. Mwite mtu ambaye hakuwepo muulize, huu ulisogezwa au ulipinduliwa? Hata kama ni Makamu na miwani yake hataweza kukwambia. Kitu ambacho kushoto kwake ni sawa na kulia kwake kina njia mbili za kufika, na zote ni za kweli. Bakuli lenu ni mfuko. Wewe ulipindua, mwalimu alisogeza. Jibu lako si kosa na la mwalimu si kosa. Swali ndilo lilifikiri lina mlango mmoja.

Halafu fanya hivyo hivyo na ule mkono. Huo ukipinduliwa unasema wenyewe kwamba umepinduliwa. Pacha wa mjomba wako bila uzi ni mfuko, wakifungwa uzi ni mkono. Nimekaa na jambo hili mikononi tangu sijaota mvi na sikujua kwamba ni hesabu.

Kwa hiyo ule mstari wako wa kwanza uuchane. Andika barua, lakini andika kilicho kweli. Ulimwambia mwalimu ana kosa, hana, hilo liombee radhi, na uliombee wima. Jibu lako ni sahihi, hilo usiliombee radhi hata kwa Makamu, hata kwa waziri. Kagua, halafu ugome. Mimi niligoma bila kukagua, ndiyo maana kifua changu kina mkono wa koti la mtu mwingine ndani yake.

Radhi yangu usiiombe wewe. Mama unayefungua barua: nilimwita mwalimu wenu kipofu. Si kipofu. Aliona njia moja ya kweli. Nimekosa kwa neno hilo, neno hilo tu, mengine yote yabaki kama nilivyoyaandika, hasa la kufungua barua za watu.

Babu yako, Fundi


18 Juni

Babu yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Nipe habari za wote, mimi nina haraka ya kufika kwenye zangu.

Kifurushi kilifunguliwa ofisini kama kawaida. Nilipoitwa nilimkuta Makamu anausogeza mfuko juu ya meza kwa kidole kimoja, na katibu ameuvaa ule mkono mpaka kwenye kiwiko. Makamu akasema, "Babu yako ameniomba radhi." Nikasema, "Ndiyo, Makamu." Akasema, "Nimeisoma mara tatu, sijui kama nimeombwa radhi au nimetukanwa tena." Akanipa vyote.

Mwalimu wa hesabu nilimfuata chumba cha walimu, tarehe kumi na mbili. Barua yangu ilikuwa na mistari mitano. Nakunukulia: "Nilisema mbele ya darasa kwamba jibu la mwalimu lina kosa. Halina. Kwa hilo naomba radhi. Jibu langu nalo halina kosa. Bakuli la kwanza ni x jumlisha tatu, mara yenyewe. Mahali pa x ukiweka x toa sita, unapata bakuli la pili, na hilo ni kusogeza. Mahali pa x ukiweka hasi x, unapata bakuli lile lile la pili, na hilo ni kugeuza. Jibu langu sitalikana."

Akasoma amesimama. Akasema, "Uliambiwa uandike kwamba ulikosea."

"Nimeandika nilipokosea, mwalimu."

"Kwa nini hukuandika hii ya hasi x kwenye jaribio?"

"Uliuliza limefanywa nini, mwalimu. Hukuuliza nimejuaje."

Walimu wawili wakajifanya wanatafuta chaki. Yeye akakaa. Akachukua karatasi akachora kilima, upande wa kushoto mkali kama ukuta, upande wa kulia unateremka polepole. Akachora cha pili mbali kidogo, nacho ukuta wake uko kushoto. Akasema, "Haya, shona."

Nikakunja, nikatoboa, nikakunjua. Matundu yakaenda kokote. Nikasema, "Huu hauna njia mbili, mwalimu. Ni mkono, si mfuko. Umesogezwa tu."

Akachora cha tatu, ukuta wake kulia. Sikukunja. Nikasema, "Huu umegeuzwa."

"Hukutoboa."

"Sasa naona."

Nikampa na ule mkono wa koti niliokwenda nao, akakaa nao muda mrefu, anaugeuza upande unaong'aa na upande uliofifia. Hakusema nimepata. Hakusema samahani. Alichukua karatasi yangu ya jaribio yenye matundu, akakata sifuri kwa mstari mmoja, akaandika mbili, alama za swali lile, akaweka jina lake pembeni. Kisha akasema, "Kesho saa mbili uwe darasani. Na pini ibaki bwenini."

Jina langu lilipelekwa tarehe kumi na nne. Nimeliona kwenye orodha mimi mwenyewe, namba ishirini na saba. Makamu hakufurahi, alisema mstari wa mwisho wa barua ungeweza kuwa mpole zaidi. Nikasema, "Ndiyo, Makamu, ungeweza," nikatoka.

Jana kulikuwa na jaribio jipya. Swali la nne lilikuwa na mabakuli mawili. Chini yake safari hii iliandikwa: "Taja mageuzo yote yanayowezekana." Darasa zima wakageuka kunitazama. Mwalimu akasema, "Tazameni karatasi zenu," lakini alisema akiwa ametazama dirishani.

Pini niliiacha bwenini. Nilitoboa kwa ncha ya kalamu.

Sindano wako


6 Julai

Mjukuu wangu, namba ishirini na saba,

Marahaba. Pacha wamejua kukaa. Mmoja ameuvua uzi akaumeza, tumeshinda mchana kutwa tukimsubiri, umetoka salama, na sasa hatujui nani ni nani mpaka apatikane mwenye alama. Nimewaambia waache, wana njia mbili. Mama yako amecheka. Tunasemeshana sasa bila kinyozi, na kinyozi anaona amepoteza kazi.

Barua yako nimeisoma kwa sauti dukani, mara nne, na walioingia kuchukua suruali zao walisubiri. Wasiotaka waende kwa fundi mwingine, watarudi na suruali zimepinda.

Nami nilikuwa na deni la maneno. Ijumaa sikupita mbele ya ghala la saruji. Nilikwenda kwa msimamizi. Yuko hai, ana miaka themanini na nne, anaishi kwa binti yake nyuma ya kiwanda cha matofali, anakaa kibarazani kwenye kiti cha plastiki na shuka magotini. Masikio yake hayafanyi kazi. Ikabidi kosa langu nilitangaze mtaa mzima usikie.

Nikamwambia, "Kile kitambaa kilikuwa na uso!"

Akasema, "Ndiyo, kilikuwa nao. Nani kasema hakina?"

"Mimi!"

"Miaka arobaini na miwili, umetoka kwako kuja kuniambia ninachokijua?"

"Nimekuja kukwambia kwamba na mimi nilijua!"

Akanitazama. Akaanza kucheka, akacheka mpaka shuka likaanguka na binti yake akatoka na mwiko mkononi kuona nani anamuua baba yake. Kisha akalikamata koti nililovaa, akasema, "Mikono hii umekata wewe?" Nikasema mimi. Akasema, "Nyosha." Mimi, Fundi, kwa umri huu, nikanyosha mikono yote miwili mbele ya watu kama mtoto anayepimwa sare. Akapapasa mshono wa kushoto, akapapasa wa kulia, akatazama uso wa kitambaa, akatazama ndani. Akasema, "Mmoja kushoto, mmoja kulia. Afadhali." Sikuomba chochote zaidi na hakutoa zaidi.

Sijainama, usije ukamwambia mtu kwamba nimeinama. Nilisimama, nikasema la kweli kwa sauti kubwa, nikaondoka kwa miguu yangu. Kuinama ni ule mstari wako wa kwanza uliouchana.

Ule mkono usinirudishie. Kaa nao mezani pako mpaka mtihani upite. Siku ukiwa na hakika mno, ugeuze kwanza utazame upande wa pili, halafu useme, na ukishasema usirudi nyuma hata hatua moja, iwe ya kusogezwa au ya kugeuzwa.

Haya niliyoandika ni kweli yote, nami nina wa kunishuhudia. Mama yako aliuona ule mkono akiwa na miaka kumi na moja. Kinyozi aliona mabakuli yakilaliana, na mteja wake mwenye povu aliona pia. Msimamizi alipapasa mishono yangu kwa vidole vyake, na binti yake alikuwepo na mwiko. Mwalimu wako ana karatasi yenye matundu kumi na moja, na sahihi yake pembeni. Na yeyote ambaye hao hawamtoshi, mpe huo mkono ulio nao, upande unaong'aa ukiwa nje, mwambie auvae kulia.

Babu yako, Fundi